Alinihesabia Mwezi

Tangu mama afariki, watu wa Ujiji wamenifanya mimi mtaalamu. Mwenye baba aliyepooza, mwenye shangazi asiyekumbuka tena mlango wa chooni uko wapi, wote wanakuja kukaa barazani kwangu na kuniuliza ile nyumba ya kulelea wagonjwa iko vipi, ile nyingine je, na mimi ningekuwa wao ningempeleka wapi mzazi wangu. Nawapa chai. Nawaambia ninayoyajua. Lile linaloniuma siwaambii, maana mtu aliyekuja na shida yake hakuja kubebeshwa na ya kwangu. Nitalisema hapa.

Mimi ni mnunuzi wa dagaa pale mwalo wa Kibirizi, mitumbwi inaposhushia samaki. Kazi hiyo nilifundishwa na mama, naye alifundishwa na mama yake, aliyevuka ziwa kutoka upande wa Kongo akiwa amembeba mgongoni. Mama alikuwa mfupi, mwenye mikono mirefu isiyolingana na kimo chake, na elimu yake yote ilikuwa kwenye mikono hiyo. Muuzaji akifungua gunia, juu utaona dagaa weupe, wakavu, wamelingana utadhani wamechaguliwa mmoja mmoja. Na kweli wamechaguliwa mmoja mmoja. Huko ndiko kupamba mdomo wa gunia, na hakuna mtu mwaloni asiyekujua. Mama hakuwa anatazama mdomo. Alikunja mkono wa gauni mpaka begani, akauzamisha mkono ndani mpaka shavu likagusa gunia, akatoa konzi moja ya chini kabisa. Akavunja dagaa mmoja na kusikiliza anavyokatika. Akatafuna mwingine, asikie kama kuna mchanga. Akishamaliza hapo ndipo anamsalimia mwenye mzigo.

"Usinisimulie habari za juu," alikuwa akiniambia nilipokuwa msichana, nikija mbio kumwambia kuna mzigo mzuri umeshuka. "Umetia mkono?"

Kuna jambo jingine la mama lazima nilitaje, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Bibi alipougua, mama aliacha mwalo akakaa naye nyumbani. Ilikuwa miaka mitatu. Bibi alipozikwa na mama akarudi Kibirizi, sehemu yake ya kuanikia ilishachukuliwa, wateja wake wa Tabora na Dar es Salaam walishapata mtu mwingine, na yeye aliyekuwa akinunua magunia akaanza upya kwa kuokota dagaa waliomwagika chini ya chanja za wenzake. Nilikuwa mtoto, niliokota naye. Aliniambia siku moja, bila uchungu, anakung'uta mchanga kwenye kanga, "Mimi sitakufanyia hivi." Nilidhani anazungumzia kuokota.

Kiharusi kilimpiga asubuhi moja akiwa anachambua mchele. Upande wa kulia ukalala, mdomo ukaenda kando, lakini akili ilibaki pale pale na ulimi ukarudi baada ya wiki chache, mzito kidogo. Nilikuwa naishi naye, watoto wangu wameshaoa na kuolewa, mume wangu alishatangulia. Nina kaka mmoja, yuko Mpanda, na kwenye simu ana maoni mengi sana. Mimi natoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri kwenda kuipokea mitumbwi. Niliweka msichana wa kumwangalia, akaolewa. Nikaweka wa pili, huyo akawa analala kuliko mgonjwa. Siku niliyorudi nikamkuta mama sakafuni, mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima, umeungulia kwenye jiko la mkaa kwa sababu alitaka kujichemshia uji, nilikaa chini pale pale nikalia, kisha nikaanza kuulizia nyumba za kulelea wagonjwa.

Hapa kwetu neno hilo halipiti kooni kirahisi. Mama anapelekwa kwa watu? Ana mtoto wa kike? Jirani mmoja alinipa pole kama aliyefiwa. Mwingine aliacha kabisa kuniamkia kwa wiki nzima, na mimi kwa kuwa sijui kunyamaza nikamfuata uani kwake nikamuuliza kama yuko tayari kuja kumgeuza mama yangu mchana, na kama hayuko tayari basi arudishe salamu zangu. Akazirudisha.

Nilikagua nyumba mbili. Nilizikagua kama ninavyokagua mzigo, na nilijivuna kwa hilo.

Ya kwanza ilikuwa upande wa Bangwe, karibu na maji. Ile kuingia tu, harufu ya mkojo ikanipokea. Sakafu ilikuwa na nyufa, shuka zimefuliwa lakini zimechakaa, redio inakoroma kwenye dirisha. Pale ukumbini mhudumu mmoja mnene alikuwa anamlisha bibi kizee ugali na migebuka huku anamgombeza kwa sauti. "Tafuna! Si huko, hamisha kushoto, huko kulia umebakiza gego gani wewe? Hamisha!" Bibi anacheka, chakula kinamtoka, yule mhudumu anakifuta kwa kiganja chake mwenyewe na kuendelea kumsema. Niliona aibu. Nikasema moyoni, mama yangu hatagombezwa na mtu kwenye sahani. Sikumaliza hata kuzungushwa, nikaaga.

Ya pili ilikuwa kwenye barabara ya kwenda Mwandiga, imejengwa juu kidogo, na upepo unapita. Ilikuwa ya muuguzi mkuu mmoja mstaafu, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba. Sakafu iling'aa mpaka nikavua viatu bila kuambiwa. Mashuka meupe, mapazia ya kijani, vitanda vimepangwa mstari. Harufu ya dawa ya kusafishia. Wagonjwa wote kimya, wamefunikwa mpaka kidevuni. Nikapitisha kidole kwenye fremu ya dirisha, hakikutoka na vumbi. Nikafungua kabati la vyombo. Nikanusa mto. Muuguzi mkuu akatabasamu, akasema ndugu wengi hawana macho ya namna hiyo.

Nakumbuka nilivyofurahi kuambiwa hivyo. Mtu mzima mimi, nimefurahi kusifiwa macho.

Mama nilimpeleka wiki iliyofuata, na mkeka wake, na tasbihi, na chupa ya mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi ambayo ngozi yake haikubali mengine. Alipowekwa kitandani alitazama dari, akatazama mapazia, akasema, "Pazuri." Kisha akaniuliza nani amebaki na mzigo mwaloni. Nikamwambia yupo mwenzangu. Akasema, "Basi nenda."

Sasa hapa ndipo lilipo kosa langu. Dagaa wa ziwa hili wanavuliwa kwa taa, na taa haina kazi mbalamwezi ikiwa inawaka. Kwa hiyo mwezi wetu sisi watu wa dagaa umekatwa vipande viwili. Kuna giza, siku ambazo mitumbwi inalala majini na sisi hatupumziki. Na kuna mbalamwezi, ambapo wavuvi wanashona nyavu, wanaenda kwao, wanaoa, na sisi wanawake wa mwaloni ndipo tunafua, tunasuka, tunakwenda kuhani misiba iliyotupita. Harusi zetu zinapangwa hivyo. Hata mgonjwa tunamtembelea hivyo. Mimi nilikuwa nakwenda Mwandiga kila mbalamwezi, siku tatu, wakati mwingine nne mfululizo, saa nane mchana. Giza likiingia, napiga simu. Mhudumu anamshikia mama simu sikioni, mama anasema, "Niko salama. Dagaa wanatoka?" Nasema wanatoka. Tunaagana.

Na kila nilipokwenda nilimkuta mama anang'aa. Ameketishwa barazani kwenye kiti cha plastiki, mto nyuma, mto chini, kanga safi, nywele zimesukwa mistari sita, ngozi inameta kwa mise. Nilikagua kucha. Nilinusa kanga. Nilimwomba afungue mdomo nikatazama ulimi kama una ukoga. Niliinama nikatazama hadi uvungu wa kitanda chake. Sikuona kitu. Mara moja tu nilitaka kumnyanyua nimhamishe kivulini, akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Niache, nimekaa vizuri."

"Jua linakuchoma, mama."

"Nalipenda."

Nikamwacha. Nilikaa naye, nikamsimulia nani kagombana na nani Kibirizi, bei zimekwendaje, Mkongo gani kaja na boti mpya. Alikuwa anachoka haraka, uso unakuwa wa majivu, jasho linamtoka juu ya mdomo. Nilidhani ni ugonjwa. Nilikuwa naondoka nikiwa na amani, na huko njiani nilikuwa nawaza jinsi nilivyochagua vizuri. Miezi saba nilikwenda hivyo.

Mwezi wa nane tangu nimpeleke, giza likiwa katikati kabisa, upepo ulichafua ziwa. Siku mbili mawimbi yakawa yanapiga mpaka kwenye chanja, mitumbwi yote imevutwa juu, na sisi tumekaa tunatazamana. Asubuhi ya siku ya pili nikachoka kukaa. Nikapanda bodaboda nikaenda Mwandiga. Sikupiga simu, si kwa ujanja wowote. Simu ilikuwa haina chaji.

Nilifika saa nne. Barazani hapakuwa na mtu. Sakafu ya ukumbini iling'aa vile vile. Nilipofungua mlango wa chumba cha kina mama harufu ikanisimamisha, na naijua harufu hiyo, kila mtu wa mwaloni anaijua. Ni ya kitu kilichoanza kuoza kwa chini huku juu bado kikavu.

Mama alikuwa amelala chali, ameloa. Nywele zimesimama. Midomo imekauka imepasuka. Mhudumu mmoja, mwanamke wa miaka thelathini hivi, Muha wa huko Kasulu, ambaye siku zote alikuwa akinipokea kwa "mwakeye mama" na tabasamu, alikuwa kitanda cha pembeni na beseni lake anamsafisha mgonjwa mwingine. Safari hii hakunisalimu. Alinitazama kama mtu aliyeona gari linamjia.

Nikaliondoa shuka. Nikampitishia mama mkono chini ya kiuno nikamgeuza ubavuni. Alilia. Mama yangu, aliyezaa watoto wanne na kuzika wawili bila kupandisha sauti, alilia kwa sauti ya kitoto. Pale penye mfupa wa chini ya mgongo palikuwa na shimo. Sitaeleza zaidi. Vidole vyangu viwili vingeingia, na si kidonda cha jana wala cha juzi. Kidonda cha namna hiyo kina miezi.

Sijui nilisema nini mwanzoni. Nakumbuka nililipiga teke lile beseni, maji yakatapakaa kwenye sakafu yao nzuri. Nakumbuka nilimwita yule mhudumu majina ambayo ningemzuia mwanangu kuyataja. Muuguzi mkuu hakuwepo, alikuwa mjini. Nikamuuliza yule mwanamke, mimi niliyekuwa nakuja hapa kila mwezi, mlikuwa mnanificha vipi? Mnamketisha juu ya kidonda, mnampaka mafuta, mnampamba kama gunia, halafu mnanichekea?

Aliacha nimalize. Kisha akasema polepole, "Mama, si sisi. Ni yeye bibi."

"Yeye nini?"

"Ni yeye anatuambia. Anahesabu mwezi. Anasema, kesho kutwa mwanangu anakuja, nisukeni, nipakeni mafuta, niketisheni. Tunamwambia bibi utaumia. Anasema niketisheni. Tunamuwekea mito miwili. Ukiondoka ndiyo analia." Akafuta mikono kwenye aproni. "Alituapisha tusikwambie. Alisema ukiona utaacha kazi."

Nikamwambia ni mwongo. Nikamwambia kumsingizia mgonjwa asiyeweza kujitetea ni laana, na itamrudia. Nikamgeukia mama nimuulize mbele yake. Mama alikuwa amegeuza uso ukutani. Nilipomwita mara ya pili akafungua jicho moja.

"Mbona umekuja giza hili?" akasema. "Nani anapokea dagaa?"

Basi. Hilo ndilo jibu alilonipa, na mimi kwa hasira niliyokuwa nayo nilisikia ni mgonjwa anawaza biashara. Yule mhudumu aliokota beseni, akapiga magoti akakausha maji, kisha akaenda kuchota mengine akarudi akaanza kumpangusa mama uso, mbele yangu. Nilimnyang'anya kitambaa.

Nilikodi gari dogo la mizigo, nikalaza godoro, nikamrudisha mama Ujiji mchana ule ule. Kesho yake nilikwenda Kibirizi mara moja tu, kukabidhi chanja zangu kwa mwenzangu, na kusema. Na nikiamua kusema, mimi si mtu wa kumung'unya maneno. Kufikia jioni mwalo mzima ulijua habari za ile nyumba, na habari ikitoka Kibirizi inafika na mzigo mpaka Tabora.

Muuguzi wa zahanati alikuja akanifundisha. Kusafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Kufunga. Kumgeuza kila baada ya saa mbili, kushoto, kulia, kushoto, chali hapana. Niliweka simu inipigie kengele. Nilijifunza kumlisha: uji unapita, ubwabwa haupiti, na chochote cha kutafuna lazima kiende shavu la kushoto kwa sababu la kulia halina habari kwamba kuna chakula ndani. Siku ya kwanza nilipomwambia, "Hamisha kushoto, mama, hamisha," nilikirudisha kijiko bakulini. Nilimkumbuka yule mnene wa Bangwe na makelele yake. Alikuwa anajua bibi wa watu anatafunia wapi. Mimi wa kwangu nilikuwa sijui, miezi saba, na nilikuwa nimemtazama hadi ulimi.

Wanaponiuliza barazani, haya ndiyo ninayowapa na chai yao. Nenda siku ambayo hawakutegemei. Usitazame sakafu. Omba umgeuze mgonjwa mwenyewe, na si wa kwako tu. Kaa mpaka chakula kiletwe, usikilize kama wahudumu wanajua nani anatafunia shavu lipi. Ulizia wako wangapi. Ile ya Mwandiga walikuwa wawili kwa wagonjwa kumi na wanane, na sitaki mtu adhani namtakasa muuguzi mkuu na miwani yake. Alikuwa na pesa za mapazia. Kidonda kile alikiona, alikuwa na namba yangu ya simu, na kiapo cha mgonjwa si sababu ya yeye kunyamaza.

Lakini yule mhudumu alisema kweli. Ilinichukua wiki sita kulijua hilo, na kufikia hapo alishafukuzwa kazi, kwa sababu muuguzi mkuu alihitaji mtu wa kumtupia makelele yangu. Nilimtafuta baadaye, baada ya arobaini ya mama. Anauza ndizi pale stendi ya Mwandiga. Nilimwomba radhi nikiwa nimesimama juani na watu wanatusikiliza. Alinipangia ndizi zangu kwenye mfuko, akasema, "Nilikuwa namgeuza nikiweza, mama. Walikuwa wengi."

Nilivyolijua ni hivi.

Kidonda hakikupona. Muuguzi wa zahanati aliniambia mapema kwamba kimeshafika pabaya, na homa zikaanza kuja na kuondoka. Akili ya mama, ile iliyokuwa imara muda wote, ikaanza kupotea njia. Kuna siku alinijua, kuna siku alidhani mimi ni dada yake aliyekufa zamani. Giza likaisha, mbalamwezi ikaja, giza jingine likaingia na kutoka. Mimi nilikuwa sihesabu tena. Hesabu yangu ilikuwa ya saa mbili mbili.

Alasiri moja nilikuwa nimetoka kumfunga kidonda, nimemlaza ubavu wa kushoto kuelekea mlango wa uani. Nje, juu ya michikichi ya jirani, mwezi ulishatoka, ule mweupe wa mchana ambao mtu asiyeutafuta hauoni. Mama alikuwa anautazama.

"Binti," akaniita.

Hajawahi kuniita hivyo maishani. Ndivyo alivyokuwa akiwaita wahudumu wa kule.

"Abee."

"Naona umekaribia kujaa ule."

Nikatazama. "Umekaribia."

"Basi mwanangu anakuja." Akakusanya pumzi. "Nisuke. Unipake mise. Uniketishe, usinilaze ubavu, asije akaona mgongo."

Nikaanza kukusanya vitambaa vya kidonda. Akadhani namgomea.

"Nitavumilia, binti, hakai sana. Weka mito miwili. Ana macho yule, anakagua, nilimfundisha mwenyewe." Akatabasamu kwa ule upande mmoja wa mdomo uliobaki wake, na kulikuwa na majivuno katika tabasamu hilo. "Akiona ataacha mwalo. Mimi niliacha, nikaja kuokota chini na mtoto wangu. Sitaki aokote. Haya, fanya haraka."

"Sawa, bibi," nikasema.

Nikachemsha maji. Nikamwogesha. Nikamsuka mistari sita, nywele zilikuwa zimebaki chache, zikinikatikia vidoleni. Nikampaka mise usoni, shingoni, kwenye mikono ile mirefu. Nilikuwa nalia muda wote na yeye hakuuliza, labda wahudumu wa kule nao walikuwa wanalia. Nikamnyanyua, nikamketisha kwenye kiti, mto nyuma, mto chini, nikiwa najua ninachomfanyia, nikaona jasho linavyomtoka juu ya mdomo. Alikaza shingo. Akaniuliza kanga imekaa vizuri. Nikamwambia imekaa vizuri.

"Nenda kamtazame njiani," akasema.

Nikatoka kwa mlango wa uani. Nikanawa uso bombani. Nikazunguka nyumba, nikasimama mbele ya mlango wangu mwenyewe, nikapiga hodi.

"Karibu, mwanangu," akaitika, kwa sauti ile ile ya kila mbalamwezi. "Dagaa wanatoka?"

"Wanatoka, mama. Wanakutunza vizuri hapa?"

"Vizuri sana."

Nikakaa kwenye kigoda mbele yake na mikono yangu nikaipakata. Sikunusa kitu, sikugusa mto. Nikamsimulia habari za Kibirizi, fupi fupi, za kutunga, kisha nikaaga mapema ili apumzike.